Moto wa Shimoni kwa Sechelela

Hapo kale, watu wa Ihanja walipokuwa wakipika kwa kuni peke yake, mpishi hakuketi na wageni. Alibaki jikoni na moshi wake, akala ukoko. Vilima vilikuwa na miti wakati huo. Watu wakakata, wakakata, mpaka mzigo mmoja wa kuni ukawa safari ya siku nzima.

Alikuwapo mama mmoja, Sechelela mke wa Malogo, mcha Mungu asiyesonga ugali bila kuomba. Mumewe alichimba shimo la kutupia samadi ya zizini na taka za chooni, akalifunika kwa ngozi ya ng'ombe na kuziba kingo kwa udongo ili nzi wasisumbue. Siku zikapita, ngozi ikafura kama tumbo la mja mzito. Sechelela alipoitoboa kwa mwanzi, huku ana kijinga cha moto mkononi, ncha ya mwanzi ikawaka: moto wa samawati, hauna moshi, hauna harufu. Alipiga magoti akamshukuru Mungu, akaunga mianzi hadi jikoni. Ila aliona haya, asimwambie jirani yeyote.

Haya hiyo ndiyo iliyomponza. Siku ya kuja wakwe kumposa binti yake, Matika, kuni hazikuwapo hata za kuchokonolea meno. Akapika kwa moto wa shimoni, na kando yake akaweka vijiti vitatu vibichi vifuke moshi, ili atakayechungulia aone jiko la heshima. Tusimcheke. Kila mmoja wetu ana vijiti vyake vibichi.

Wageni walikula ugali na kuku wakashiba. Chiloli, shangazi wa bwana harusi, mwanamke mwenye maneno yake, aliomba nyongeza mara mbili. Kisha Mzee Chilongani, baba wa kijana, akainua mikono. "Ee Mungu, ubariki mkono uliopika, uzibariki na kuni zilizoivisha chakula hiki."

Wote wakaitikia amina, ila Sechelela. Kumdanganya mkwe aliweza. Kuitikia uongo mbele ya Mungu hakuweza, hata kama posa ya mwanawe ingevunjika palepale.

"Mkwe wangu," alisema, amepiga magoti mlangoni, "usiziombee kuni. Hazipo. Nimepika kwa moto utokao kwenye mavi ya ng'ombe, na ya kwetu wenyewe. Nimekosa kuwaficha."

Mzee alitema mate, akadaka fimbo yake. "Tumelishwa choo! Simameni, twende zetu!"

Huko ndani Matika akaanza kulia.

Sechelela alileta chungu, akaketi katikati ya wageni, akamega tonge, akala. La pili. La tatu. "Kuficha nilikosa," alisema. "Kupika sikukosa."

Hapo Chiloli akaangua kicheko. "Kaka, keti! Mahindi ya shambani kwako yanakula samadi kila mwaka, ukayatemea mate lini? Moto ndio umekukosea nini? Mimi nimeramba hadi vidole. Kama ni uchafu, umeshashuka. Hautapanda kwa fimbo!"

Midomo ya mzee ikamcheza, akajizuia, akashindwa, akacheka. Akaketi. "Posa ipo," alisema. "Ila asilishwe mtu tena asichokijua. Mpishi aseme moto wake umetoka wapi, kisha aonje yeye kwanza. Haya, nionyesheni hilo shimo."

Na tangu siku hiyo, huko Ihanja, mpishi huketi na wageni, hutaja moto wake na kula tonge la kwanza. Kila ua una shimo lake, na vilima vimeota miti. Na mgeni mwenye adabu haagi kabla hajauliza choo kiko upande gani. Wenyeji humsindikiza kwa shukrani, kwa maana hakuja mikono mitupu: amewaachia kuni za kesho.