Mgeni wa Mtihani

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya majini na wafalme, ni zamani hii ya juzi yenye vyuo na vyeti, palikuwa na chuo cha hoteli kilichopakana ukuta kwa ukuta na hospitali ya mkoa. Upande huu watu walifundishwa kukaribisha. Upande ule watu waliaga. Lango la huku na lango la kule yalipakwa rangi moja ya kijani, maana fundi alikuwa mmoja, na haikupita wiki mtu asiingie chuoni akiulizia wodi ya wazazi.

Chuoni hapo alifundisha mwanamke aitwaye Naelijwa. Alikuwa amefundisha watu kutabasamu kwa miaka mingi hata akawa akifika nyumbani mashavu yanamuuma, na hana tabasamu la akiba kwa ajili ya mumewe. Juu ya ubao wake palikuwa na maneno ya rangi nyekundu: tabasamu, sikiliza, omba radhi, tenda. Mgeni akisema supu imepoa: tabasamu, sikiliza, omba radhi, tenda. Mgeni akisema kitanda kina kunguni: tabasamu, sikiliza, omba radhi, tenda. Mgeni akikutukana wewe na waliokuzaa: vilevile, ila tabasamu lisizidi, asije akadhani unamcheka.

Na kwa kuwa mgeni wa kweli hapatikani kwa ajili ya mazoezi, chuo kilikuwa na desturi ya mgeni wa kuigiza. Huyo alikuwa mzee mmoja wa kikundi cha maigizo, jina lake Chikoti. Siku ya mtihani Chikoti huingia katika ukumbi wa chakula akijifanya mlevi, au shemeji wa waziri, au mtu aliyekuta nzi kwenye supu. Nzi mwenyewe alikuja naye kutoka nyumbani, ndani ya kiberiti. Wanafunzi walijua kwamba ni Chikoti. Chikoti alijua kwamba wanajua. Hata hivyo walimwomba radhi kwa moyo wote, naye akakasirika kwa moyo wote, na mwisho wa yote kila mtu akala pilau.

Mwaka huo mtihani ulikuwa na uzito wake. Hoteli zilishazoea kuchukua wanafunzi wa mazoezi, zikawafulisha mashuka msimu mzima, kisha zikawaambia asante na kwaheri. Lakini safari hii alikuja Bwana Lukindo, meneja wa hoteli kubwa ya mbugani, akamwambia Naelijwa, "Ninamtaka mmoja. Mmoja tu, wa kudumu, na ninaondoka naye leo. Jina utanitajia wewe, mwalimu. Mimi kwa saa moja ya chakula nitamjua nani?"

Darasani walikuwemo watatu waliowazidi wenzao. Wa kwanza Hilmi, kijana wa Pangani, aliyekuwa na mkono mtulivu. Ungempa trei iliyojaa glasi akapanda nayo ngazi huku akikusimulia habari za mpira. Wa pili Sikudhani, binti wa Kondoa, aliyekuwa na macho. Akiingia chumbani anajua nani kanuniana na nani. Wa tatu Anyelwisye, wa Tukuyu, aliyekuwa na mdomo. Mgeni aliyekuja kufoka aliondoka akimwomba yeye msamaha. Wote watatu walishafua mashuka ya watu. Na nyumbani kwa wote watatu swali lilikuwa limeshaanza kuulizwa mezani: hivi hicho chuo cha kubeba sahani kinaisha lini?

Siku ya mtihani ikafika. Anyelwisye akapangwa mlangoni. Sikudhani akapewa meza ya Bwana Lukindo. Hilmi akapewa meza ya pembeni, ile ya mgeni wa kuigiza. Naelijwa akasimama kwenye nguzo na viatu vyake vinavyombana, akisubiri kuona mwaka huu Chikoti kaja na nzi au na shemeji wa waziri.

Chikoti hakuja. Alimpigia simu Anyelwisye kule mlangoni. "Mwambie mwalimu nimepata kazi nyingine. Kuna harusi bwana harusi hana baba, nimeitwa niwe baba. Nitamfidia mwakani."

Anyelwisye aligeuka ili akamwambie mwalimu. Ndipo akamwona mwanamke amesimama kizingitini, kanga mbili zisizofanana, amekumbatia mfuko.

"Mwanangu," akasema yule mama, "naweza kukaa hapa kidogo? Kule kwenye benchi wametuambia tuwapishe wagonjwa."

Anyelwisye akautazama mfuko. Akamtazama usoni. Akatazama ndani, kwenye vitambaa vyeupe na maofisa wa mkoa walioalikwa kuushuhudia mtihani, wamekwisha kujifunga leso shingoni. Kisha akainama kama alivyofundishwa.

"Karibu, mama. Tulikuwa tunakusubiri."

Akampeleka kwenye meza ya pembeni, akamvutia kiti, akarudi mlangoni. Hakumwambia mtu neno.

Hilmi akaja. Akatabasamu, akasikiliza. Yule mama hakusema kitu. Machozi yalimtoka tu, bila sauti. Hilmi akaomba radhi kwa lolote lililomuudhi, akamletea maji ya uvuguvugu ya kunawa, akayamimina taratibu, akamfuta mikono kidole kwa kidole. Akaleta chai ya tangawizi. Mikono ya mama ilikuwa ikitetemeka, kikombe kikaenda chote kwenye shati la Hilmi, jeupe, la mtihani. Hilmi hakushtuka. "Kosa langu, mama, nimekijaza mno." Akabadilisha kitambaa, akaleta kikombe kingine akakijaza nusu, akaleta mtori, ile supu nzito ya ndizi, akamwekea kijiko mkononi. Yule mama akaonja. Akaonja tena. Akaanza kula kama mtu aliyekumbuka kwamba kuna kula.

Kwenye nguzo Naelijwa alisahau viatu. Akamwinamia Bwana Lukindo, akanong'ona, "Yule ni mgeni wa kuigiza. Nadhani Chikoti kamtuma mwenzake."

"Mmempata wapi?" akauliza Bwana Lukindo. "Analia vizuri sana."

"Anajua kazi yake," akasema Naelijwa, akamwekea Hilmi alama zote.

Wakati huo Sikudhani anatoka jikoni na supu ya Bwana Lukindo. Akapita karibu na meza ya pembeni. Mfuko ulikuwa umefunguka kidogo pale sakafuni. Ndani yake mlikuwa na viatu vya kiume, vimekanyagika visigino, na mkanda wa suruali umekunjwa ukaingizwa ndani ya kiatu kimoja. Sikudhani alishawahi kuuguza mtu katika hospitali ile. Alijua nani hukabidhiwa viatu na mkanda namna hiyo, na hukabidhiwa baada ya nini.

Akaiweka supu dirishani. Akavuta kiti akaketi, jambo ambalo mhudumu hafanyi hata nyumba ikiungua, akaushika mkono wa yule mama.

"Mama, ni nani?"

"Baba watoto," akasema yule mama. "Wamenipa viatu."

"Pole, mama. Pole sana."

Hapo ndipo sauti ilipomtoka yule mama. Maofisa wakashusha uma zao, na Sikudhani akageuza uso kuelekea kwenye nguzo. "Mwalimu, huyu mama haigizi."

Hilmi alisimama na jagi lake mkononi, shati lina chai, na tabasamu bado liko usoni kwa sababu hakujua aliweke wapi.

Yule mama alikaa pale mpaka shemeji yake alipokuja na gari la kubebea maiti. Alimaliza mtori, akamaliza chai, akakunja leso yake vizuri. Alipokuwa anatoka akasema, "Asanteni, wanangu. Sikujua kama hospitali hii ina mahali pa namna hii." Hakuna aliyemsahihisha.

Bwana Lukindo akatazama saa. "Mwalimu, pole zangu kwa yaliyotokea. Lakini gari langu linaondoka. Nani?"

Naelijwa akawaita wote watatu jikoni. Alitaka kukaa, na jikoni hapakuwa na kiti.

"Semeni," akawaambia. "Kwa kifupi, tafadhali. Nimechoka."

Hilmi akasema, "Mwalimu, mimi nilidhani ni mtihani, sitakudanganya. Lakini ningejua ni msiba, mikono yangu ingetetemeka kama yake. Kwa kuwa sikujua, haikutetemeka, na yeye akala. Mtu aliyeonekana hajatia kitu mdomoni tangu jana amekula mkononi mwangu. Tumbo lake halikuuliza mimi nilidhani nini."

"Ulikuwa unamlisha Chikoti," akasema Sikudhani.

"Na Chikoti wangu alishiba. Wako wewe uliyemtambua ulimpa nini? Ulimliza."

"Nilimuuliza," akasema Sikudhani. "Watu wote humu walimtazama, hakuna aliyemuuliza. Mwalimu, mimi nimeacha meza yangu, nimeketi na mgeni, nimevunja kila kitu ulichonifundisha, najua. Lakini mgeni alikuwa ni yule. Hawa wengine walikuwa watu wamekuja kula."

"Na supu yangu bado iko dirishani," akasema Bwana Lukindo, ambaye alikuwa amewafuata bila kualikwa. "Binti, moyo unao. Lakini nina meza arobaini, na kila meza ina mtu na huzuni yake. Ukiketi na mmoja, wengine atawapa chakula nani?"



"Na wewe?" Naelijwa akamgeukia Anyelwisye. "Ulijua."

"Nilijua, mwalimu."

"Ulijua, ukatuacha tutoe alama kwa machozi ya mjane."

"Mwalimu, shikamoo yangu ni ileile, lakini nikuulize. Ningekuja kwako pale kwenye nguzo nikakwambia, kuna mama kafiwa yuko mlangoni anataka mahali pa kukaa. Meneja yupo, maofisa wa mkoa wapo. Ungemweka wapi?"

Naelijwa akaitazama ndoo iliyopinduliwa kando ya jiko.

"Ungesema maskini, mpelekeni nyuma, apewe chai. Angekunywa kwenye kikombe cha plastiki, ameketi juu ya ndoo, hapa hapa. Nimemdanganya yeye, nimewadanganya ninyi, ndiyo. Lakini amekaa kwenye kitambaa cheupe kama mtu. Hawa wawili wanagombania jinsi walivyomhudumia. Nani alimfungulia mlango?"

"Ulimfungulia aingie kwenye maigizo," akasema Sikudhani. "Watu wakamtazama akilia wakasifu."

"Sifa hizo muulize aliyezitoa," akasema Anyelwisye, kwa adabu, akiangalia sakafu.

Naelijwa akasikia vidole vyake vya miguu kimoja kimoja. Angalimtaja Hilmi, maana ndiye aliyetimiza kila neno lililo juu ya ubao, na kwake lilikuwa igizo. Angalimtaja Sikudhani, maana ndiye aliyeona, na kwa kuona akaacha kazi. Angalimtaja Anyelwisye, maana bila yeye hapakuwa na mgeni, na mlango aliufungua kwa uongo. Na yeye mwenyewe, aliyewafundisha wote watatu, ndiye aliyesimama na kusema yule mama anajua kazi yake.

Nje dereva akapiga honi.

"Mwalimu," akasema Bwana Lukindo.

Naelijwa akavua kiatu kimoja, akakishika mkononi, akataja jina. Na jina hilo lilibaki kule jikoni, halikufika kwangu, na hata lingefika nisingewapa, maana mngelipokea mkaenda kulala. Mkono, macho na mlango: kazi ni moja, na gari linanguruma nje. Haya, ninyi mnaojua kukaribisha wageni, vueni viatu vyenu mshike mahali pa Naelijwa. Je, ni nani kati ya hao watatu aliyestahili kupanda?