Wanja wa Zimwi

Sogeeni, wenzangu, niwasimulie ya Mashavu, mwanamke aliyeitunza nyumba ya mumewe, Makame, miaka saba bila kunung'unika.

Siku moja Makame alikutana na zimwi msituni. Likampa wanja, likamwambia, "Jipake huu, umwone mkeo alivyo hasa." Makame akajipaka.

Siku ya kwanza Mashavu alimpakulia wali, mume akaona funza, akaumwaga. Siku ya pili alimchekea, mume akaona meno ya fisi, akageuza uso. Siku ya tatu alimtekea maji ya kuoga, mume akaona damu. Akashika panga, akamtoa nje mbele ya majirani huku akimwita zimwi na kuapa kuwa wanja aliopewa na zimwi la msituni ndio uliomfumbua macho.

Mashavu hakulia. Hasira zilimpeleka moja kwa moja msituni.

"Umempa wanja gani mume wangu?" akaliuliza zimwi.

"Masizi ya chungu changu, mama," zimwi likajibu. "Nilikuwa namtania tu. Hayo mengine kayaona mwenyewe."

Mashavu akarudi, akamweleza mumewe yote. Makame akanawa uso haraka, akampigia magoti.

"Nisamehe, mke wangu. Sasa nakuona vizuri."

"Ungekuwa uchawi, ningekusamehe," Mashavu akasema. "Lakini yalikuwa masizi, Makame. Masizi matupu."

Akafunga nguo zake, akaenda kwao, na hakurudi tena.

Mimi nimeishia mlangoni kwa kina Mashavu. Anayemwonea huruma Makame, na aende akampikie.