Chapati Ilivyopata Matabaka

Nyinyi mnaobugia chapati bila hata kuitazama, hebu kaeni kitako mnisikilize. Chapati haikuzaliwa na matabaka. Ilikuwa jani moja tu, kavu, na ikipoa ungeweza kubisha nayo hodi mlangoni.

Siku hizo, katika mji wa Mwambani, hapakuwa na harusi bila mkono wa Bi Zamzam. Upawa mkuu wa mji ulitundikwa jikoni kwake, na mwenye upawa ndiye aliyesimamia vyungu vyote vya shughuli. Wali wake wa nazi, basi tena! Akipita njiani, wanawake walimpisha.

Akaja mke wa mfanyabiashara kutoka ng'ambo, akapanga kwa Mize, jirani wa Bi Zamzam. Mize akajifunza kwake ule mkate wa kusukumwa, chapati. Kwa ujirani mwema akapeleka sahani kwa Bi Zamzam. Mumewe Bi Zamzam akala tatu, akajisahau, akasema, "Mke wangu, mkono wa Mize nao una kitu."

Lo! Bora angemtukana. Miaka ishirini anamlisha, mume neno hilo hajawahi kumwambia. Wivu ukamshika Bi Zamzam. Mize alipomwita, "Njoo shoga nikuonyeshe," alimjibu, "Nifundishwe na wewe? Wewe niliyekufundisha kuwasha kuni?" Kisha akajibanza kwenye tundu la ua, akachungulia siku mbili mpaka akaujua upishi wote.

Chapati ikaenea mji mzima, ndipo ikafika harusi ya binti wa Jumbe. Wazee wakasema wapishi wote walete chapati. Atakayewapendeza wageni, upawa ni wake. Asubuhi ya shughuli Bi Zamzam akasukuma madonge yake, akayapaka samli. Mara akasikia vigelegele ng'ambo ya ua: "Mize huyo! Leo upawa unahama!"

Akalikamata jani la unga akalisokota kama anayekamua nguo, huku akilisemesha: "Nyongeka! Nyongeka na huo mkono wako wenye kitu!" Akalizungusha likawa kama kata ya kubebea mtungi kichwani, akalibwaga kibaoni. Akakamata la pili, na la tatu. Hasira ilipopoa, yote yalikuwa yamesokotwa, unga umekwisha, na wachukuzi wanabisha hodi. Angefanya nini masikini? Akayasukuma upya vivyo hivyo, akayapika machozi yakimtoka.

Shughulini wageni waliporarua chapati zile, zilichambuka jani kwa jani, laini, samli ikiwatiririka vidoleni. Sahani za wapishi wengine zikarudi kama zilivyokwenda. Upawa ukabaki kwa mwenyewe.

Mize akamfuata, amenyong'onyea. "Umezifanyaje, dada?"

Amwambieje? Kwamba nilikuwa nakunyonga wewe? "Mkono tu, shoga," akajibu, akitazama chini.

Lakini nafsi ilimsuta. Siku ya tatu alimwita Mize jikoni, akampa donge lililokwisha kusukumwa na kupakwa samli. "Sokota," akamwambia. Mize akasokota polepole. "Kaza, bibi wee!" Mize akauma meno, akakaza mpaka mishipa ikamsimama shingoni, na macho yake hayakuwa kwenye unga. Yalikuwa juu ukutani, kwenye upawa.

Bi Zamzam akajua anayenyongwa ni nani. Akamsogezea samli.

Na tangu siku hiyo, chapati yetu haiendi motoni bila kusokotwa kwanza. Na mpishi ukimuuliza siri yake, atakwambia, "Mkono tu, mwanangu," na usoni hatakutazama. Usimuulize mara ya pili. Huenda aliyesokotwa humo ni wewe.