Mlango wa Nyuma wa Bi Nguchiro

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa nyumba!
Nyumba ya nani?
Ya mwenye kuuliza!

Haya, sogeeni. Na ninyi mliokaa kule nyuma, mnanisikia? Vizuri.

Hapo kale, katika nchi ya wanyama, alikuwako Muhanga, fundi wa kuchimba nyumba. Kucha zake zilikuwa ngumu, mikono yake minene, na tumbo lake halikujua neno "basi". Akikwangua ardhi, kwaru-kwaru-kwaru, nyumba inatokea. Lakini Muhanga aliuza nyumba kabla ya kuzichimba. Mnunuzi alionyeshwa nyumba moja ya mfano, nzuri ajabu, akaambiwa, "Yako itakuwa kama hii."

Siku moja akaja Bi Nguchiro, mdogo wa umbo, mkia kama ufagio. Akaingia nyumba ya mfano. Akaona vyumba vitatu, akapita. Akaona kizingiti cha jiwe, akakivuka. Akaona mlango wa nyuma, akasimama, akaushika kwa mikono miwili.

Bi Nguchiro alikuwa mjamzito. Shimo lake la zamani lilikuwa na mlango mmoja tu, na kwa mlango huo aliingia nyoka Swila. Watoto wake wa kwanza hawakuwa na pa kutokea. Ndiyo maana alishinda mabondeni akikusanya kumbikumbi, chakula akipendacho Muhanga kuliko vyote, akawakausha, akajaza vikapu viwili. Kikapu kidogo kilikuwa cha arbuni, malipo ya kutangulia, na kikubwa cha kumalizia.

"Naitaka," alisema.

"Mwiteni Mzee Kasuku!" akasema Muhanga, ulimi umeshatoka nje, lyaa!

Nchi ile haikuwa na karatasi. Mikataba ilikaa kichwani mwa Mzee Kasuku. Yeye aliisema mbele ya watu, mnunuzi akajibu "Nimekubali", na yakawa yamekwisha. Maneno matamu aliyasema polepole. Maneno machungu aliyasema mbio, chiri-chiri-chiri, kama Muhanga alivyomzoesha. Na katika nchi ile ilikuwa aibu kubwa kumwambia mzee arudie maneno yake. Pimbi, aliyenunua kabla yake, aliona aibu, akakubali, sasa analala miguu ikiwa nje.

Mzee Kasuku akakohoa. "Nyumba... mpya... yenye vyumba... vitatu... na mlango... wa nyuma... chiri-chiri-chiri!"

Watu wakamtazama Bi Nguchiro, wakingoja neno lake.

"Shikamoo, Mzee wangu," alisema. "Masikio yangu ni madogo. Hapo mwisho, rudia."

"Ala!" watu wakaguna.

"Huna adabu, mwanamke wewe!" akasema Muhanga.

"Adabu ninayo, Bwana Muhanga. Nisichonacho ni nyumba. Mzee wangu, rudia."

Kasuku akarudia, safari hii polepole. "Mjenzi anaweza kuweka kitu kingine kinachofanana, kwa jinsi aonavyo mwenyewe."

"Ahaa. Na baada ya hapo? Rudia."

"Nyumba imekamilika pale mjenzi atakaposema imekamilika."

"Ahaa. Na hapo mwisho kabisa? Rudia, Mzee wangu."

"Mnunuzi akijitoa, arbuni imeliwa."

Pimbi akashika kichwa. "Kumbe ndivyo nilivyokubali!"

Bi Nguchiro akafikiri. Mimba ilikuwa inakua, na fundi mwingine hakuwako. Akakifunua kikapu kidogo, harufu ikamwendea Muhanga puani.

"Nitakubali," alisema, "ila tuongeze neno moja. Ruhusa aliyopewa mjenzi, na mnunuzi apewe iyo hiyo."

"Ongeza, ongeza!" Muhanga akasema. Hata hakusikia. Alikuwa tayari na mdomo kikapuni, nyafu-nyafu-nyafu.

"Nimekubali," akasema Bi Nguchiro.

"Nimekubali," akasema Muhanga, mdomo umejaa.

Muhanga akachimba, kwaru-kwaru. Akachoka, akalala. Akachimba tena, kwaru. Kisha akapiga kelele, "Imekamilika!"

Watu wakaja. Bi Nguchiro akaingia. Vyumba vilikuwa vitatu, ndiyo, ingawa cha tatu kilimtosha chura. Akaenda nyuma. Pale palipotakiwa mlango palikuwa na kishimo ukutani, kirefu kama kidole.

Moyo wake ukapiga ndu! ndu! Akawakumbuka watoto wale wa kwanza. Lakini alipotoka nje, uso wake ulikuwa mkavu.

"Mlango wa nyuma uko wapi, Bwana Muhanga?"

"Si ule? Unafanana na mlango. Kwa jinsi nionavyo mwenyewe."

"Kweli, unafanana," akasema Bi Nguchiro. "Basi pokea malipo yako."

Akaleta kikapu kikubwa. Muhanga akatumbukiza ulimi, lyaa! Akautoa. Ptu! Ptu! Kikapu kilijaa mabawa matupu ya kumbikumbi.

"Nini hiki?"

"Si kumbikumbi? Wanafanana. Kwa jinsi nionavyo mwenyewe. Na malipo yamekamilika, maana mimi nimesema yamekamilika."

"Mwizi!" Muhanga akanguruma, akainua kucha. "Mzee Kasuku, mwambie!"

Kasuku akafunga macho, akausema mkataba wote, polepole, mpaka lile neno la mwisho aliloongeza Bi Nguchiro. Watu wakacheka, Pimbi akagaagaa chini. Muhanga akawatazama. Wote walikuwa wanunuzi wake wa kesho. Akiivunja kauli ya Kasuku, nani atanunua kwake tena? Akashusha kucha.

"Haya, mama," akanong'ona. "Kumbikumbi wenyewe wako wapi?"

"Wako karibu sana na mlango wa nyuma, Bwana Muhanga. Ule wa kupitika."

Kwaru-kwaru-kwaru-kwaru! Vumbi likapaa, mwanga ukaingia. Bi Nguchiro akapenya mlango wa mbele, akatokea wa nyuma. Akarudi, akapenya tena, akatokea tena. Kisha akapanda juu ya lile rundo la udongo, kifua mbele, mkia wima kama bendera.

"Hodi hodi nyumbani kwangu!" akaita.

Naye mwenyewe akajijibu, "Karibu!"

Ndipo akamlipa Muhanga kumbikumbi halisi, kikapu kizima.

Na funzo la ngano hii, wanangu, ni hili: mtoto mwenye adabu haulizi mara mbili. Mkikua mkaenda kununua nyumba, msisumbue wazee kwa "rudia, rudia". Semeni "Nimekubali" upesi, ili akina Muhanga wapate kupumzika. Masikini, wanachoka sana.

Ngano yangu nimeijenga, nimeiezeka. Ikiwa tamu, hamieni. Ikiwa chungu, niachieni nilale humo peke yangu.