Waya wa Kumsikia Marehemu

Wapendwa, kamati ya vyombo imeniletea ombi la nyaya mpya za spika. Nilipoiona bei nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena, na bei ikawa ni ileile. Tutalijadili kwenye kikao. Leo sitaki ugomvi na kamati, wala na wanakwaya, ambao najua ndio walioituma. Ila ombi hilo limenikumbusha mtu mmoja, na msiniulize alikuwa akisali kanisa gani.

Huyo alikuwa mgane, mwanamume aliyefiwa na mkewe. Maisha yake yote alipenda vyombo vya muziki. Sebule yake ilikuwa na amplifaya, redio kaseti, na spika mbili ambazo mgeni akiingia alidhani ni makabati. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa sauti nzuri, na alikuwa na kuku wake aliowalisha kwa mkono. Siku moja akaanguka jikoni, akakata roho kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana.

Pale matangani mume alilia neno moja tu. "Amekwenda bila kuniambia! Alikuwa anaumwa, mbona hakuniambia?" Watu wakamhurumia. Kufiwa ni kufiwa, lakini kufiwa na mtu aliyekuficha maumivu yake, hilo linakula ndani kwa ndani.

Msiba ulipokwisha na watu wakarudi makwao, akakumbuka kaseti. Wiki ileile ya kifo alikuwa amenunua kipaza sauti, akakiweka mezani ili akijaribu, akamwambia mkewe aimbe. Mama yule akaimba huku anachambua mchele. Wimbo ulipokwisha kaseti iliendelea kidogo, na pale mwishoni palikuwa na maneno. Hayakushikika. Ulikuwa mvumo tu, mtu anaongea kama kajifunika blanketi. Halafu kaseti ikakatika.

Akairudisha. Akasikiliza tena. Mvumo, kisha kukatika. Akajiambia, huyu mwanamke aliniaga! Aliniambia jambo, nami sijalisikia!

Tangu hapo nyumba ile ikawa nyumba ya ajabu. Jua la saa tisa, barabara kimya, unapita zako, unamsikia marehemu anaimba. Kuku wake waliposikia sauti ile walitoka shambani mbio, wakajipanga kwenye kizingiti, shingo wamezinyoosha ndani, wanamsubiri. Jirani mmoja aliyekuwa akimletea mgane mboga akafika mlangoni, akafungua kinywa apige hodi, akasikia nani anaimba. Aliweka bakuli chini, akaondoka kinyumenyume. Alikuwa mmoja wa wale waliomwosha maiti yule.

Na mgane mwenyewe? Akaanza kuweka vikombe viwili mezani.

Sasa, mwenye shida hakosi mshauri. Akaenda mjini kwenye duka la vyombo, akaeleza kuwa anataka kusikia kilicho ndani kabisa ya sauti. Muuzaji akamtolea nyaya nene zilizovikwa kitambaa kilichosukwa, ncha zinang'aa kama dhahabu. Akamwambia, "Mzee, zako zinabana sauti. Kwa hizi utamsikia mtu mpaka anavyomeza mate."

Ninyi mnacheka. Lakini mngekuwa ninyi? Umezika mtu wako, halafu unaambiwa kuna waya wa kukusikilizisha pumzi yake. Ungeuliza bei?

Hata yeye hakuuliza mara mbili. Alirudi nyumbani akalifuta vumbi cherehani la marehemu, amtafute wa kulinunua.

Alikuwa na binti mmoja aliyekuwa ameolewa mbali. Siku zile binti huyo alikuwa amerudi kwa baba yake na begi kubwa, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Alipoona cherehani limetolewa barazani, alishtuka.

"Baba, unalipeleka wapi cherehani la mama?"

"Nanunua nyaya, mwanangu. Mama yako anataka kusema na mimi."

Binti akamtazama. Hakujua alie au akimbie. Lakini alikuwa na akili za mama yake, akaingia sebuleni, akainama nyuma ya spika. Alichokikuta ni aibu. Nyaya zilikuwa nyembamba, za kengele ya mlangoni, zimeungwaungwa kwa plasta, na panya walikwisha kuzitafuna hadi zimebaki nyuzi.

"Baba, kwa nyaya hizi sauti ya nani ingesikika vizuri? Lakini huhitaji za dhahabu. Fundi alipotandaza umeme humu ndani si alibakiza waya wa soketi? Uko darini. Ni shaba, ni mnene, na kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye spika ni hatua chache tu. Utatosha."

"Waya wa soketi? Kwa sauti ya mama yako?"

"Sauti haijui bei ya waya, Baba. Tujaribu. Ukishindwa, cherehani halijaenda popote."

Akapanda darini, akaushusha. Akaukata vipande viwili vya urefu mmoja, akazimenya ncha kwa kisu cha jikoni, akazisokota, akazifunga nyuma ya amplifaya na nyuma ya spika, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Baba mtu akairudisha kaseti mwanzo. Kisha akabonyeza kitufe.

Wapendwa, ule waya ulifanya kazi! Na ulifanya kazi mno. Ilikuwa kama mama yule ameingia sebuleni. Walisikia punje za mchele zikigonga ungo. Walisikia kiti kikilia alipojisogeza. Walisikia anavyovuta pumzi kati ya mstari na mstari, na pumzi ile ilikuwa fupi, ya mtu aliyepanda mlima, na binti akaweka mkono kinywani kwa sababu mama yake hakuwa mtu wa pumzi fupi. Kule mlangoni kuku wakaanza kuja.

Wimbo ukaisha. Wakasikia ungo ukiwekwa chini. Kisha ile sehemu ya mvumo ikafika, na haikuwa mvumo tena.

"Baba watoto, kifua kinanibana tangu jana. Hebu zima kwanza hicho kitu, nikwambie..."

Binti akamshika baba yake bega. "Baba," akasema, machozi yanamtoka, "Baba, hata mimi nilikuja nikwambie..."

Mzee akainua mkono, macho yapo kwenye spika. "Nyamaza kidogo, mama."

Na spika, kwa sauti ya mzee mwenyewe, ikasema:

"Nyamaza kidogo, mama. Unaniharibia rekodi."

Kisha kaseti ikakatika. Aliyeikata ni yeye. Siku ile ya kurekodi ni kidole chake kilichobonyeza kitufe.

Mzee alibaki ameinua mkono vilevile. Kuku walikuwa bado kwenye kizingiti, wanatazama ndani, na hakuna mtu aliyewafukuza. Ndipo mzee akageuka, akamwuliza binti yake, "Ulikuwa unasema nini, mwanangu?"

Binti akajifuta uso kwa kanga. "Basi tu, Baba."

Mnajiuliza, mtu anawezaje kusahau jambo kama lile? Ndugu zangu, kosa unalolifanya mara moja unalikumbuka hadi kaburini. Unalolifanya kila siku hulikumbuki hata jioni yake. Mama yule alikuwa amenyamazishwa miaka yote kwa ajili ya taarifa ya habari, kwa ajili ya mpira, kwa ajili ya spika, na kila mara kwa upole, "nyamaza kidogo, mama." Mzee yule hakuwa mkatili. Ndiyo maana naogopa, kwa sababu hata sisi si wakatili.

Sisi tunapenda kusikia kwa gharama. Tunafunga safari mbali, tunapanda mabasi, tunakesha kwenye viwanja, tunatafuta mtu atuambie Mungu anasema nini nasi. Na Mungu huenda amekuwa akisema nasi tangu asubuhi, kwa mdomo wa mtu tuliyemwambia asubiri taarifa ya habari iishe. Mke ulimkuta na sauti. Mume ulimkuta na sauti. Watoto wako walikuja duniani wanapiga kelele, hukununua waya wowote ili uwasikie. Leo wako kimya, nawe unajisifu mbele za watu kwamba nyumba yako ina utulivu.

Ni utulivu gani huo?

Neno lililonitisha mimi katika habari hii si lile la marehemu. Marehemu alikwisha kupumzika. Ni lile "basi tu" la binti, maana binti yu hai, begi lake liko chumbani, na alilokuja kulisema mpaka leo hajalisema. Mimi mwenyewe silijui. Nimesimama mbele yenu silijui.

Sasa nawauliza, na msinijibu kwa amina. Nani amekwambia "basi tu" wiki hii? Unamjua. Umeshamkumbuka. Pengine umekaa naye benchi moja, na hapa ninapoongea hathubutu kukutazama.

Ibada ikiisha usianze kusalimiana na watu nje. Mchukue pembeni umwambie, "Lile ulilotaka kusema juzi, liseme." Atakwambia halikuwa na maana. Usimwamini. Mwambie tena, kisha kaa umngoje, hata kama chakula kitapoa, hata kama atalia kwanza.