Dobi na Mfalme Asiyeambiwa Hapana

Palikuwa na mfalme huko Uyunani ya kale, jina lake Thrasilo. Msimuonee wivu, maana alikuwa na ugonjwa mbaya: neno "hapana" lilimwasha masikioni kama upupu. Mji wake, Kalidora, ulikuwa na chemchemi moja tu. Siku moja akaamka, akaamuru chemchemi ile izungushiwe ukuta wa jumba lake, imjazie bwawa la samaki. Samaki wa kutazama tu, jamani, hata hawaliwi!

Watu wakaguna. Mfalme akapiga mbiu: "Atakayemwambia mfalme 'hapana' atafukuzwa mjini kabla jua halijazama, asirudi tena!" Watatu wakasema. Watatu wakaondoka. Mji ukafyata ulimi.

Sasa, mjini humo alikaa dobi mmoja, Batto. Maskini wa kutupwa, ila ulimi wake ulikuwa mkali kuliko magadi. Na dobi bila maji ni nini? Alishinda ameketi juu ya marundo ya nguo chafu za watu, mkewe akitembea nusu siku kwenda mto wa mbali kuteka mtungi mmoja. Wakinywa, hakuna cha kufulia. Akifua, hakuna cha kunywa.

Ikakaribia sikukuu ya mchezo. Wayunani walikuwa na desturi hiyo: kila mwaka, mchana kweupe, mji mzima huketi kwenye ngazi za mawe mlimani kutazama mchezo wa mfalme anayeponzwa na kiburi chake. Kando yake husimama waitikiaji kumi na watano wanaoigiza wazee wa mji. Kazi yao kumshauri mfalme na kumkanya. Mwaka ule kiongozi wao alikuwa Batto. Thrasilo akamwita.

"Dobi, nasikia wazee wa mchezo wenu humkatalia mfalme."

"Akikosea, mfalme."

"Mfalme hakosei. Sheria yangu inamlinda mfalme wa kweli na mfalme wa mchezo pia. Umesikia?"

"Wa kweli na wa mchezo. Nimesikia."

"Haya, wazee wako watasema nini?"

"Ndiyo, mfalme."

"Nakuuliza watasema nini!"

"Ndiyo, mfalme. Hayo ndiyo watakayosema."

Thrasilo akacheka mpaka tumbo likamtikisika. Akaenda zake kulisha samaki.

Siku ikafika. Mfalme kaketi mbele kabisa, kwenye kiti cha marumaru. Akatokea mwigizaji, kinyago usoni, taji kichwani, ngao mkononi. Alikuwa mfalme wa mji uliozingirwa na maadui.

"Wazee wangu! Askari wana njaa. Niwanyime chakula, nijenge sanamu yangu?"

"Ndiyo, mfalme!" wakaitika Batto na wenzake.

"Mjumbe ananiambia ukuta una ufa. Nimkate ulimi?"

"Ndiyo, mfalme!"

Thrasilo akajikuna shingo.

"Maadui wameniapia: nikiwafungulia lango, nikatoka peke yangu bila ngao, watanisujudia. Nitoke?"

"Ndiyo, mfalme! Ndiyo, mfalme!"

Mwigizaji akatupa ngao. Akasogea langoni. Nyuma ya pazia mikuki ikagongana. Thrasilo jasho linamtoka, kasahau kabisa kwamba anatazama mchezo. Mkono wa mwigizaji ukagusa komeo. Hapo Thrasilo akaruka kutoka kitini, mikono juu:

"Hapana! Usifungue, mpumbavu wewe! Na ninyi wazee, mbona hamumwambii?"

Huko juu mtu mmoja akacheka kidogo, akajiziba mdomo kwa nguo.

Mfalme akazinduka. Uso ukamwiva. "Mkamateni dobi!"

"Kosa langu, mfalme?" Batto akauliza.

"Umeniumbua!"

"Kwa neno gani?"

"Ndiyo, ndiyo, ndiyo! Kutwa nzima ndiyo!"

"Kuna sheria inayokataza ndiyo?"

Mfalme akahesabu sheria zake kwa vidole.

"Ila nimesikia neno lingine hapa," Batto akasema. "Mji mzima umelisikia. Limetoka kwenye kiti cha marumaru."

"Nilimwambia mfalme wa mchezo!"

"Wa kweli na wa mchezo. Uliniuliza kama nimesikia, nikasema nimesikia."

"Nilitaka kumwokoa!"

"Ala! Kumbe anayemwambia mfalme hapana huenda anamwokoa?"

Mfalme akajipiga kifua. "Sheria ni yangu. Hainigusi."

"Basi hiyo ni sheria gani? Ikimkuta dobi ni chui, ikimkuta mfalme ni paka. Jua linashuka, mfalme. Kabla halijazama lazima mmoja atoke mjini: wewe au sheria."

Thrasilo akawatazama askari wake. Askari wakatazama chini. Nao pia walikuwa na kiu.

"Na itoke sheria," akasema kwa sauti ndogo.

Mfalme hata hajaketi, kikongwe mmoja akasimama ngazi za juu, akapaza sauti: "Mfalme! Chemchemi ile si yako. Hapana, hapana, na tena hapana!" Mji mzima ukaipokea kauli yake, mlima ukatetemeka. Jioni ile ile ukuta ukabomolewa, na wale watatu waliofukuzwa wakaitwa warudi.

Lakini moyo wa mfalme ulikuwa unamchoma. Asubuhi akamfuata Batto chemchemini, akamkuta maji yamemfika magotini, anapigapiga shuka juu ya jiwe, anaimba.

"Dobi," akamwambia, "hebu niambie ukweli. Unadhani wewe ungekuwa mfalme mwema kuliko mimi?"

"Hata kidogo, mfalme," Batto akajibu, akikamua shuka. "Ila mimi nikifua vibaya, wenye nguo hunirudishia."