Kiboko na Ukurutu wa Dimbwi Lake

Hadithi yangu inawasha.
— Tuikune.
Tuikune wapi?
— Pale inapocheka.
Basi sogeeni, ila msiniguse.

Kiangazi kimoja maji yalikauka kote upande huu wa kilima, likabaki dimbwi moja. Kiboko akalikalia. Akakalia na matikiti yaliyoota kando yake, akakalia na kivuli cha mkuyu. Wanyama wadogo wakija kunywa, anafumbua kinywa, haaa, wanarudi mbio. Mwishowe akachoka kufumbua kinywa. Akang'ata kijiti kirefu, akavuta upupu kutoka porini, akalizungushia dimbwi lote kama ua wa nyumba. Kisha akalala.

Upepo ukavuma, fuuu. Vinyweleo vya upupu vikaruka, vikatua mgongoni mwake.

Kwaru, kwaru, kwaru. Kiboko akajikuna kwenye mkuyu mpaka mkuyu ukabaki hauna gome. Akatoka mabaka mekundu, akatoka vipele, ngozi ikavimba na kuchubuka. Akaitwa Fisi, mganga. Fisi akamtazama kwa mbali, akasema, "Hii inataka mafuta ya mbuzi." Mbuzi akatafutwa. Fisi akamla, akajipaka mafuta midomoni, akaaga.

Nje ya ua aliishi Bi Sange, mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu kama kidole. Watoto wake walikuwa wamelia mpaka machozi yakaisha, maana machozi nayo ni maji.

"Nakwenda kumtibu Kiboko," aliwaambia.

"Una dawa, Mama?"

"Nina kiu."

Akajifunga jani la mgomba kama kisamaki cha kuchoma, akabiringika chini ya upupu, akatokea ndani.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Pole kwa ngozi."

"Marahaba. Wewe kipua umepita wapi?"

"Daktari hupita popote. Ulianza lini kuwashwa?"

"Tangu nijenge ua."

Bi Sange akanusa mgongo wa Kiboko. Nusa, nusa, nusa. Ugonjwa aliujua hapo hapo. Lakini akafikiri: nikimwambia ni upupu, ataung'oa, ataweka miiba, na wanangu watakufa na kiu. Akakohoa kidogo.

"Mama yako aliwashwa?"

"Hapana."

"Basi si ugonjwa wa ukoo. Jua linakupiga?"

"Nina kivuli."

"Basi si harara. Huu ni mzio, Mzee. Kuna kitu chako kimoja ngozi yako haikitaki. Na mzio hautafutwi kwa macho, unatafutwa kwa kuacha. Unaacha kitu. Ukipona, ndicho. Usipopona, sicho, tunaacha kingine."

"Na nikiacha, nani atanishikia?"

"Mimi. Ndiyo kazi ya daktari."

Wakaanza na matikiti. Kiboko akaacha matikiti. Bi Sange akayabiringisha nje, watoto wake na jirani zao wakala mpaka maganda.

Kwaru, kwaru, kwaru.

"Basi tikiti halina kosa," alisema Bi Sange.

"Nirudishie."

"Kitu kilichopimwa hakirudi kwa mgonjwa, Mzee. Masharti ya kipimo."

Wakaenda kwenye kivuli. Kiboko akaacha kivuli, akakaa juani. Bi Sange akaita wanawe, akawafundisha kubiringika ndani ya majani ya mgomba, wakaja kulala chini ya mkuyu.

Kwaru, kwaru, kwaru.

"Basi kivuli hakina kosa."

Kiboko akafikiri. Kufikiri kulimpa tabu, masikio yakazunguka. "Daktari," alisema, "mimi naona tuache upupu."

Bi Sange akahisi pua inamnyauka. Watoto wake chini ya mkuyu wakajivuta ndani ya majani yao.

"Upupu nani aliuvuta?" aliuliza.

"Mimi."

"Unamlinda nani?"

"Mimi."

"Sasa, Mzee, umeona wapi mbwa akamng'ata aliyemfuga?"

Kiboko akacheka mpaka vipele vikapasuka. "Kweli. Kitu changu kitaniwasha vipi mimi? Huo unawasha wengine."

"Umesema mwenyewe. Limebaki dimbwi."

Kiboko akalia. Alilia kwa sauti kubwa, lakini kuwashwa kulikuwa kukubwa zaidi. Akavuka ua wake, akaenda ng'ambo ya kilima, ambako miguu midogo haifiki, kwenye mto wa ndugu zake aliowakimbia kwa sababu walikuwa wanagawana maji. Akaoga huko. Akalala huko. Mabaka yakafifia, vipele vikanywea, ngozi ikawa nyororo kama boga.

Akarudi mbio. "Daktari, nimepona. Nirudishie dimbwi."

"Subiri kipimo cha mwisho," alisema Bi Sange akiwa ndani ya ua. "Njoo mpaka ukingoni, tuone."

Kiboko akapita katikati ya upupu, fyata fyata, mpaka ukingoni. Kwaru. Kwaru kwaru. Kwaru kwaru kwaru.

"Ni dimbwi," alisema Bi Sange kwa huzuni.

"Ni dimbwi," alisema Kiboko. "Lichukueni, mimi silitaki tena."

Akaondoka. Wanyama wadogo wakaumwagia upupu maji mpaka ukalowa, usije ukawarukia, wakauzika. Kisha wakanywa, glu, glu, glu.

Siku moja Kiboko alipita juu ya kilima, akawaona watoto wa Sange wanapiga mbizi. Akatikisa kichwa.

"Poleni sana, wanangu," aliwaita.

Watoto wakatoka majini, wakaketi ukingoni, wakajikuna kwa adabu. Kwaru, kwaru, kwaru.

Funzo: msiwadanganye wagonjwa. Bi Sange alidanganya, na oneni yaliyompata: amenenepa, na wanawe wanajua kuogelea. Na ukitoka vipele, usibahatishe, nenda ukapimwe. Ila kwanza mpe daktari maji ya kunywa.

Hadithi yangu imeacha kuwasha.
— Na sisi tumeacha kukuna.
Anayejikuna sasa, ana yake.